Skrini ya Kompyuta Kasaji: Hesabu Ianzie kwenye Betri

Mnunuzi wa skrini ya kompyuta mjini Kasaji ana maswali mawili ambayo mwenzake wa Nairobi au Dar es Salaam huyafikiria mwisho: itafika ikiwa nzima, na itawashwa kwa umeme upi? Mji huu wa teritori ya Dilolo, jimboni Lualaba, uko zaidi ya kilomita 200 magharibi mwa Kolwezi, kwenye reli iendayo mpaka wa Angola na kwenye barabara ya taifa namba 39. Hapa umeme wa kutegemewa ni wa kujitafutia: paneli za sola juu ya bati, betri chini ya meza, na jenereta ndogo ya petroli siku mawingu yanapozidi. Kwa hiyo bei inayotajwa dukani ni mwanzo tu wa gharama. Skrini iliyouzwa rahisi kuliko zote inaweza kuwa ghali kuliko zote kabla mwaka haujaisha.

Uhaba huu wa umeme unauma ukikumbuka mkoa wenyewe. Mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba yalijengwa miaka ya 1950 ili kulisha migodi ya kampuni ya Union Minière. Laini kubwa ya umeme kutoka Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilikamilika mwaka 1982 na kuishia Kolwezi kwa sababu hiyohiyo. Umeme ulifuata shaba. Kati ya Wakongo watano, ni takriban mmoja tu aliye na umeme nyumbani, na miji midogo ya magharibi mwa Lualaba inaijua vizuri maana ya takwimu hiyo. Mwenye biashara ya kompyuta huku ni lazima awe mhasibu wa nishati kabla ya kuwa mhasibu wa fedha.

Nani ananunua

Mteja mkubwa wa skrini katika mji kama huu ni sekretariati publiki, ile ofisi ndogo ya kuchapa, kupiga fotokopi na kutoa picha za pasi. Hapo ndipo kijana huandikiwa barua ya kuomba kazi kwenye migodi ya Kolwezi, mwalimu huchapiwa mtihani wa muhula, na familia hutengenezewa tangazo la msiba. Wanafuata shule, parokia na makanisa, ofisi za serikali, na vituo vya afya vinavyotakiwa kupeleka takwimu zao kwa mtandao. Halafu wapo wa nyumbani: mwenye laptop ambayo kioo chake kimepasuka, mwanafunzi, na kijana anayehariri video za harusi.

Wote hawa wanafanana kwa jambo moja. Kazi yao ni maandishi, majedwali na picha za kawaida. Hakuna anayehitaji skrini iliyopinda, wala ile inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde kwa ajili ya michezo. Mara 60 au 75 zinatosha kabisa, na pesa ya ziada ni afadhali iende kwenye betri.

Njia ya mzigo

Kwa nini skrini ileile iwe ghali zaidi Kasaji kuliko Lubumbashi? Mzigo mwingi wa elektroniki unaofika kusini mwa Kongo hutoka China au Dubai, hushushwa Dar es Salaam au Durban, na kupanda malori kupitia Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa. Hapo forodha ya DGDA huchukua ushuru wake, na kodi ya ongezeko la thamani, TVA, ni asilimia 16. Kutoka Lubumbashi mzigo hupita Likasi hadi Kolwezi, safari ya kilomita 300 hivi kwenye lami. Kutoka Kolwezi kwenda magharibi, masika yakianza, barabara ndiyo huamua bei. Kila mkono unaopokezana mzigo unaongeza chake, na mwenye duka wa mwisho hana budi kufidia zile zilizovunjika njiani.

Katika soko la dunia, skrini mpya ya kawaida ya inchi 24 huuzwa karibu dola 100 za Marekani, na iliyotoka ofisini Ulaya hupatikana kwa chini ya nusu ya hapo. Tofauti kati ya bei hizo na inayotajwa Kasaji ni nauli, kodi na hatari ya barabara. Mnunuzi hawezi kuziondoa, ila anaweza kuzigawa. Wenye ofisi watatu au wanne wakichanga kwa mtindo wa likelemba, yaani upatu, na kumtuma mtu mmoja Kolwezi au Lubumbashi, nauli ya mtu na ya mzigo inagawanyika, na yule aliyetumwa anapata nguvu ya kupatana bei na muda wa kujaribu kila skrini kabla ya kulipa.

Hesabu ya wati

Chukua betri ya kawaida ya sola, volti 12 na ampea-saa 100. Ndani yake mna nishati ya wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo za kutumia ni 600. Inveta nayo hula sehemu yake. Tuseme zinabaki 540.

Kompyuta ya mezani inayotumia wati 70, ikiunganishwa na skrini ya zamani ya chogo inayokula wati 80, itamaliza akiba hiyo kwa saa tatu na nusu hivi. Ukiiondoa skrini ya chogo na kuweka skrini bapa ya kizazi cha kwanza, yenye mirija myembamba ya taa nyuma ya kioo na matumizi ya wati 40, utafanya kazi saa tano. Skrini ya LED ya inchi 22 au 24 hula wati 20 tu. Hapo unafika saa sita. Mwenye laptop ya wati 25 na skrini hiyo ya LED anapata saa kumi na mbili kwa betri ileile.

Tofauti ya wati 20 kati ya skrini ya mirija na ya LED inaonekana ndogo. Izidishe kwa saa nane za kazi na siku 300 za mwaka: ni uniti 48 za umeme. Kwa jenereta ndogo, hizo ni zaidi ya lita 20 za petroli kila mwaka, kwa ajili ya kioo tu. Anayeuziwa skrini ya mirija kwa punguzo la dola kumi afikirie petroli inauzwaje mjini kwake, kisha alinganishe.

Kibandiko cha nyuma ya skrini kinasema mengi. Tafuta mwaka wa kutengenezwa, volti na ampea. Skrini inayotumia adapta ya nje ya volti 19 na ampea 1.3, kwa mfano, haiwezi kuvuka wati 25. Adapta ya nje ina faida nyingine: umeme ukiruka na kuunguza, hufa yenyewe kwanza, na kupata nyingine ni rahisi kuliko kufungua skrini. Zipo pia skrini za volti 12 ambazo mafundi hupenda kuzichomeka moja kwa moja kwenye betri. Hilo lifanyike kwa kifaa cha kutuliza volti katikati, kwa sababu betri inapochajiwa na sola hupanda hadi volti 14 na zaidi.

Ukubwa unaofaa kazi

Kwa kazi ya kuchapa, kipimo cha maana ni karatasi ya A4, yenye kimo cha sentimita 29.7. Skrini pana ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 na kimo cha 30. Inaweza kuonyesha kurasa mbili za A4 ubavu kwa ubavu, karibu na ukubwa wake halisi. Skrini ya zamani ya inchi 19 yenye umbo la karibu mraba ina kimo hichohicho cha sentimita 30. Inaonyesha ukurasa mmoja vizuri, na ndiyo maana bado inapendwa kwenye ofisi za kuchapa. Ile ya inchi 22 iko katikati na ni nyepesi kusafirisha.

Idadi ya nukta inayofaa ni 1920 kwa 1080. Kwenye inchi 22 au 24 herufi hutoka safi. Kwenye inchi 27 nukta hizohizo hutawanyika na maandishi huanza kuonekana ya kukwaruza. Ukubwa huo unataka nukta 2560 kwa 1440, na bei yake hupanda.

Aina ya kioo nayo ina uzito. Kioo cha TN ni rahisi, lakini ukikitazama kwa pembeni rangi hugeuka. Kioo cha IPS huonekana vizuri kutoka kila upande. Kwa sekretariati hili ni jambo la kazi: mteja husimama ubavuni mwa mchapaji akisahihisha jina lake herufi kwa herufi, naye anapaswa kuliona. Chagua pia uso usiong'aa kama kioo cha kujitazamia, kwa kuwa milango ya ofisi zetu hukaa wazi na jua la kiangazi ni kali. Weka meza ili mlango uwe ubavuni, usiwe mbele wala nyuma ya skrini.

Mpya, mtumba au televisheni

Wengi huuliza kama televisheni ndogo haiwezi kufanya kazi zote mbili, ofisi mchana na filamu jioni. Inaweza, na kwa familia yenye kipato kidogo ni uamuzi unaoheshimika. Lakini televisheni nyingi za bei ndogo za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768, yaani kama nusu ya nukta za skrini ya inchi 24, zikiwa zimetandazwa kwenye eneo kubwa zaidi. Kwa filamu utaridhika. Kwa jedwali la mishahara macho yatachoka.

Kwa mwenye kutafuta riziki kwa kuchapa, pendekezo langu ni skrini ya LED ya mtumba iliyotoka ofisini, ya mfululizo kama Dell P au HP EliteDisplay. Zilitengenezwa kuwashwa siku nzima, na nyingi zina mguu unaopanda na kushuka. Mtumba wa namna hii unaendelea kuingia sokoni: Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi za nchi tajiri zimekuwa zikiuza vifaa vyake vya zamani. Skrini haijali programu. Iliyokuwa nzima jana ni nzima leo.

Jina la kampuni lisikutishe wala kukulevya. Vioo vyenyewe hutengenezwa na viwanda vichache, vikubwa vikiwa vya China kama BOE na TCL CSOT. Samsung Display iliacha kutengeneza vioo vya LCD mwaka 2022. Skrini za AOC na Philips hutoka kampuni moja, TPV. Unachonunua hasa ni hali ya kifaa kilicho mbele yako.

Kwa hiyo kikague. Kiwashe kwa nusu saa nzima, maana kapasita zilizochoka hujificha hadi zipate joto. Jaza kioo chote rangi nyeupe uone madoa ya manjano, kisha nyeusi uone nukta zisizozimika. Bonyeza kila kitufe. Hakikisha mguu na skrubu zake zipo. Tazama matundu ya waya: skrini nyingi za ofisi za miaka ya nyuma zina VGA, DVI na DisplayPort bila HDMI. Laptop yenye HDMI huweza kuunganishwa na skrini ya VGA kwa kigeuzi cha bei ndogo. Kinyume chake huleta usumbufu zaidi. Ikifika nyumbani, iwekee kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, na ichomoe kabisa radi zinapoanza. Vumbi jekundu la kiangazi lifutwe kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, bila spiriti.

Zile za chogo ziachwe. Kioo chake kina risasi, kama vile mirija ya skrini bapa za kale ilivyo na zebaki. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za elektroniki zisivushwe mipaka bila idhini ya nchi inayopokea. Anayekupa skrini mbovu bure anaweza kuwa anakukabidhi mzigo wake wa kutupa.

Reli inayopita mlangoni

Reli ya Benguela iliunganishwa na Katanga mwaka 1931, na Kasaji imekuwa kwenye njia hiyo tangu wakati huo. Vita vya Angola viliikata kuanzia mwaka 1975. Sasa upande wa Angola, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Lobito hadi Luau, unaendeshwa na kampuni ya Lobito Atlantic Railway, na shaba ya mgodi wa Kamoa-Kakula imeanza kupita huku kuelekea Atlantiki. Mabehewa hurudi na salfa ya migodi. Upande wa Kongo, ulio chini ya shirika la reli la SNCC, bado umechakaa na treni hutambaa.

Fedha za kimataifa zinazoahidiwa kwa ajili ya ushoroba huu wa reli zinazungumzwa kwa lugha ya madini. Wafanyabiashara wa Kasaji, Mutshatsha na Dilolo wana haki ya kudai lugha ya pili: nafasi ya mizigo midogo, ghala kwenye stesheni, na nauli inayojulikana mapema. Chama cha wafanyabiashara chenye orodha ya oda zake mkononi, skrini, betri na paneli, kitasikilizwa kuliko mnunuzi mmojammoja. Hadi siku hiyo, anayekwenda kununua aulize kwa mpangilio huu: inakula wati ngapi, imetengenezwa mwaka gani, inaingia waya upi, inaonyesha A4 nzima? Bei iulizwe ya tano, na mwenye majibu manne ya kwanza ataipata iliyo ndogo kweli.