Toka Ganjoni hadi Gede kwa baiskeli: fuata visima

Kama unaishi Ganjoni, unaijua sauti ya mkokoteni wa maji. Bado hujafumbua macho vizuri, magurudumu yanakwaruza lami, mitungi ya lita 20 inagongana, na jamaa anaita "Maji! Maji!" mpaka ghorofa ya nne wanasikia. Unashuka na pesa, unapanda na mtungi. Mfereji upo jikoni, ndiyo, lakini ni kama picha ya ukutani.

Jumamosi moja ya Agosti nilipishana na mkokoteni huo langoni. Mwenye maji anaingia, mimi natoka na baiskeli yangu ya mtumba, chupa mbili za maji na mahamri manne kwenye begi. Safari ilikuwa ya kufika Gede, takriban kilomita 105 kaskazini, kwa siku mbili. Nilidhani naenda kuona magofu tu. Kumbe nilikuwa naenda kuelewa ule mkokoteni.

Niseme mapema: mimi si mwanahistoria. Chuo chenyewe sikumaliza. Gede niliwahi kupelekwa na basi la shule nikiwa darasa la sita, tukapewa dakika arubaini, na kitu pekee nilichorudi nacho kichwani ni tumbili aliyeninyang'anya mkate. Nadhani wengi wenu hadithi yenu ni hiyohiyo. Ndiyo maana nakwambia urudi, na safari hii ukanyage pedali mwenyewe.

Anza hapohapo mtaani

Usikimbilie barabara kuu. Kabla hujatoka kisiwani, teremka upande wa Mbaraki. Katikati ya maghala na malori utaona mnara wa mawe ya matumbawe umesimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa na wenzake. Huo ni Mnara wa Mbaraki, una takriban miaka 300, na msikiti uliokuwa kando yake ni wa zamani zaidi. Wazee walikuwa wanaleta ubani na marashi hapo, wakiamini kuna jini ndani. Sisi tunaupita kila siku tukiwahi feri ya Likoni na hatugeuzi hata shingo.

Kisha kata mji uende Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na UNESCO wakaitia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Hayo ulifundishwa. Lakini ukiingia safari hii, waache mizinga, tafuta kisima na birika la kukingia maji ya mvua. Waomani waliizingira ngome hii kuanzia 1696 hadi 1698. Watu wakafungiwa humo karibu miaka mitatu, na maradhi yakaua wengi kuliko risasi. Ukuta mnene namna ile, bado ndani maisha yalikuwa yanategemea shimo la maji.

Toka hapo, Buxton, kisha Daraja la Nyali. Hapa uwe macho. Matatu hazina habari na wewe, na tuktuk hujipenyeza popote panapoingia gurudumu. Ukishavuka utafika Kengeleni. Umewahi kujiuliza kwa nini panaitwa hivyo? Kuna kengele kweli. Mwaka 1875 wamisionari walianzisha hapa Frere Town, kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na kengele ile ilikuwa ikilia kuwaonya wakazi hatari inapokaribia. Leo makanga anaita "Kengeleni shuka!" na hakuna anayefikiria kwamba anataja kengele ya watu waliokuwa wanaogopa kurudishwa minyororoni.

Jumba: mji usio na bandari

Bamburi, Shanzu, Daraja la Mtwapa. Sehemu hii ndiyo mbaya zaidi ya safari yote: matrela, vumbi, kazi za kupanua barabara. Sikudanganyi, nilishuka mara mbili nikasukuma. Lakini ukishavuka daraja na kupita kelele za Mtwapa, unakata kulia kuelekea baharini, na ghafla kimya. Njia ya mchanga, minazi, jogoo wa mtu. Umefika Jumba la Mtwana.

Huu ulikuwa mji kamili karne ya 14, ukadumu kama miaka mia hivi, kisha watu wakahama. Nyumba za mawe zipo, mojawapo ina milango mingi mpaka wataalamu wanaiita Nyumba ya Milango Mingi. Msikiti mkubwa uko ufukweni kabisa, mawimbi yanasikika ukiwa umesimama kiblani. Na jina lake, Jumba la Mtwana, ni nyumba kubwa ya mtumwa. Litafakari hilo ukiwa umekaa chini ya mbuyu unakunywa maji.

Kilichonishangaza ni kwamba Jumba halina bandari. Mji wa pwani bila bandari! Sasa walifuata nini hapa? Moja ya sababu zinazotolewa ni maji matamu ardhini, pamoja na upepo mzuri na mahali ambapo adui wa baharini hapafiki kirahisi. Nilirudi kukiangalia tena kisima. Mara ya kwanza nilikipita kama shimo tu. Mara ya pili nikaelewa kwamba ndicho kilichozaa mji, nyumba na msikiti vikaja baadaye.

Pancha ya Vipingo

Baada ya Kikambala barabara inapumua. Mashamba ya makonge ya Vipingo yanajipanga mstari kwa mstari, mibuyu imesimama imefura matumbo, na upepo wa kusi unakusukuma mgongoni. Hii ndiyo sababu nilichagua Agosti: kusi inavuma kuelekea kaskazini, na wewe unaelekea kaskazini. Majahazi yalijua hesabu hii zamani sana.

Kisha, pssss. Tairi la nyuma.

Nilisukuma baiskeli juani labda nusu saa. Chupa zote mbili zilikuwa tupu. Chini ya mwembe nikamkuta mzee na pampu yake, beseni la maji na viraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi na jua hili?"

"Mombasa. Naenda Gede."

"Kwa baiskeli? Kwani matatu zimegoma?"

Alicheka, akatoa tyubu, akaitia kwenye beseni kutafuta tundu. Nikamwomba maji ya kunywa. Akanionyesha mtungi kwa kidole, akasema, "Kunywa, lakini usimwage. Hayo yametoka mbali." Binti yake aliyachota alfajiri, na foleni ilikuwa ndefu. Nilikunywa nikiwa na aibu kidogo, kwa sababu yale ya beseni, yaliyokuwa yanatumika kutafuta tundu langu, yalibeba mafuta na vumbi ya siku nyingi. Hayakumwagwa. Yanatumika mpaka yaishe.

Kama mguu unaruhusu, kuna njia ya kukata kwenda Takaungu, mji waliokimbilia baadhi ya Wamazrui baada ya kupoteza Mombasa mwaka 1837. Mimi mguu ulikataa. Nilienda moja kwa moja hadi Mnarani, ng'ambo ya kusini ya Kilifi. Magofu yako juu ya jabali, hori lote liko chini yako, na Daraja la Kilifi linaonekana. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 1991, watu walikuwa wanavuka kwa feri, kama sisi na Likoni yetu hadi leo. Kaa pale mpaka jua lishuke. Kuna kaburi la mnara wenye pande nane, refu, linatazama maji kama mlinzi. Kisha vuka ulale Kilifi mjini, ule samaki wa kupaka, unyooshe miguu.

Gede, mahali maji yalipokimbia

Siku ya pili ni tamu. Tezo, Roka, Matsangoni, korosho na mikanju kando ya njia, watoto wanakukimbiza wakiimba "Baiskeli! Baiskeli!" Ukifika karibu na Mida, msitu wa Arabuko-Sokoke uko kushoto na mikoko iko kulia. Kisha Gede.

Fika asubuhi. Magofu yamo ndani ya msitu, mizizi imekumbatia kuta, na wale tumbili bado wapo (ficha mkate). Mahali hapa palitangazwa kuwa mnara wa kitaifa mwaka 1927, James Kirkman akaanza kuchimba mwaka 1948, na Julai 2024 UNESCO wakaingiza Gede kwenye Urithi wa Dunia. Kuna kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Humu zimepatikana kaure za Uchina na shanga za Venice. Matajiri hawa, mwanangu. Jumba la mfalme lina vyoo na mifereji ya kutolea maji machafu. Vyoo! Mamia ya miaka kabla ya ghorofa letu la Ganjoni.

Lakini mji huu haupo. Karne ya 17 watu walishaondoka. Kwa nini? Vita vinatajwa, uvamizi unatajwa, na pia maji. Nenda kwenye kisima kilicho nje ya msikiti mkuu. Wachimbaji waligundua kwamba kisima hicho kilichimbwa tena, chini zaidi ya mwanzo. Maji yalikuwa yanashuka, watu wakayafuata. Nilisimama ukingoni nikachungulia. Nilikuwa na kiu, miguu inatetemeka, na nikawaona kabisa: mtu na sururu humo chini, na juu mtu mwingine anauliza, "Umeyapata?"

Sisi wa Mombasa hatuna tofauti kubwa nao. Maji yetu yanatoka Mzima Springs, zaidi ya kilomita 200, yanatoka Marere kule Kwale, na yanatoka Baricho kwenye mto Sabaki. Yaani yale ya Baricho yanateremka kusini kwa bomba, na mimi nilikuwa napanda kaskazini kwa pedali. Tofauti ni kwamba watu wa Gede kisima kilipowashinda, walibeba vyombo wakahama. Sisi zaidi ya milioni moja tutahamia wapi?

Kabla hujatoka

Nenda Juni hadi Septemba, kusi iwe mgongoni. Kurudi, usishindane na upepo: pandisha baiskeli kwenye keria ya matatu, elewaneni bei na makanga kabla ya kuipandisha. Ondoka kumi na mbili asubuhi, pumzika saa sita hadi saa tisa. Helmeti si urembo, na taa nyekundu nyuma ni lazima. Beba tyubu ya akiba, pampu ndogo na viraka. Chupa mbili hazitoshi, beba tatu. Malipo ya kuingia magofuni ni kupitia eCitizen, na mwananchi analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hivyo usisahau kitambulisho. Usipande juu ya kuta, wala usichukue kigae hata kidogo. Na ukienda na wenzako, atakayekuwa wa mwisho asiachwe.

Nilirudi Ganjoni Jumapili usiku, nimeungua shingo, makalio yananikumbusha kila shimo la Mtwapa. Nikafungua mfereji. Ukakohoa, ukatoa hewa. Asubuhi nikasikia magurudumu. Nikashuka na pesa, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza yule jamaa wa mkokoteni maji haya anayatoa wapi.

"Kisimani," akasema, akaonyesha upande wa Mji wa Kale. "Cha zamani hicho. Hata babu yangu alikikuta."