Mnyoo, RNA na Neno “Uzee Tu”

Bibi anayeteremka kutoka Chome hadi Same mjini kwa sababu macho yamefifia, akajibiwa “ni uzee tu, bibi”, ameambiwa kidogo mno. Uzee wenyewe una utaratibu wake mwilini.

Sehemu ya utaratibu huo imefichuliwa na mnyoo aitwaye Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita 1. Huyu si mnyoo wa tumboni tunayemtibu kwa albendazo. Makazi yake ni matunda na mashina yanayooza. Huishi wiki 2 hadi 3, hivyo mtafiti huuona ujana wake na ukongwe wake ndani ya mwezi mmoja.

Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun walionyesha kwamba jeni yake lin-4 haitengenezi protini, bali kipande kifupi cha RNA, chenye herufi 22 hivi, kinachozuia ujumbe wa jeni lin-14 usigeuzwe kuwa protini. Walitunukiwa Nobeli ya Tiba mwaka 2024. Mwaka 2005 Frank Slack na mwenzake Boehm walibainisha kuwa mnyoo asiye na lin-4 hufa mapema, na aliyezidishiwa huishi zaidi. Athari hiyo hupitia njia ya ishara za insulini, ambayo binadamu pia anayo.

Dawa ya kuzuia uzee haijapatikana humo, hata kama mchuuzi wa mnadani anadai anayo. Lakini mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, shinikizo la damu hutulizwa kwa vidonge, na kisukari hutambuliwa kwa tone la damu.