Kusafisha Njia za Mafaili: Kwa Nini Rekodi Zilizopo "Hazipatikani"

Utangulizi

Siku hizi mwanafunzi wa isimu au fasihi anayetoka uwandani harudi na daftari tu. Hurudi na mamia ya mafaili ya sauti, maandishi ya unukuzi, na jedwali linaloonyesha kila faili liko wapi. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alikusanya nyimbo na ngano za wazee akitumia kompyuta yenye Windows. Tulipoihamishia kazi yake kwenye kompyuta yenye Linux ili programu ihesabu maneno, jibu likawa lile lile kwa kila rekodi: faili halipatikani. Alishtuka sana, kwani mmoja wa wazee aliowarekodi alikuwa ameshafariki. Kumbe hakuna kilichopotea. Rekodi zote zilikuwepo. Kilichokosewa ni anwani. Makala hii inaeleza jinsi anwani hizo zinavyoharibika na namna ya kuzisafisha kwa lugha ya Python, ambayo wengi wetu tunaitumia.

Mikwaju miwili

Njia ya faili ni anwani: inataja folda moja baada ya nyingine hadi kufikia faili lenyewe. Tatizo la kwanza ni alama inayotenganisha majina hayo. Mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969, ulichagua mkwaju (/), na Linux pamoja na Mac za leo hufuata desturi hiyo. MS-DOS ilipotoka mwaka 1981 haikuwa na folda ndani ya folda, na mkwaju ulikuwa tayari una kazi nyingine, yaani kutaja machaguo ya amri. Folda zilipoongezwa mwaka 1983, ikabidi itumike alama nyingine: mkwaju wa kinyume (\). Windows ikairithi.

Kwa hiyo kwenye Windows, rekodi\nyimbo\01.wav ni faili lililo ndani ya folda mbili. Kwenye Linux, maandishi hayo hayo ni jina moja refu la faili ambalo kwa bahati mbaya lina mikwaju ya kinyume ndani yake. Faili la jina hilo halipo, na kompyuta inasema kweli inapojibu kuwa halipatikani.

Mtego katika maneno yetu

Mkwaju wa kinyume una hatari ya pili. Katika Python, alama hiyo ikifuatwa na herufi fulani hupata maana maalumu: \n ni mstari mpya, \t ni nafasi ya kichupo, \r ni kurudi mwanzo wa mstari, \b ni kurudi nyuma herufi moja, \f ni ukurasa mpya. Sasa tazama majina ambayo mwalimu wa fasihi huwapa folda zake: nyimbo, tamthilia, riwaya, barua, fasihi. Ukiandika katika programu "D:\kazi\nyimbo", kompyuta itaona D:\kazi, kisha mstari mpya, kisha "yimbo". Ukiandika "D:\kazi\utenzi" au "D:\kazi\ushairi", programu itakataa hata kuanza, kwa sababu \u huashiria kwamba tarakimu nne za msimbo wa herufi zinafuata. Lakini "D:\kazi\methali" itafanya kazi, pengine ikiambatana na onyo tu, kwa kuwa \m haina maana maalumu. Ndiyo maana mwanafunzi huweza kusema, "Methali zinafunguka lakini nyimbo hazifunguki," akaonekana anatania.

Ieleweke kwamba mtego huu umo katika maandishi tunayoyaandika ndani ya programu yenyewe. Njia zinazosomwa kutoka kwenye jedwali hubaki zilivyo.

Herufi kubwa, ritifaa na lahaja

Linux hutofautisha Nyimbo na nyimbo. Windows na Mac kwa kawaida huziona kuwa kitu kimoja. Jedwali lililoandikwa bila uangalifu litafanya kazi nyumbani na kukwama chuoni.

Kwetu sisi kuna pia suala la ritifaa. Neno ng'ombe laweza kuandikwa kwa alama iliyonyooka (') au iliyopinda (’). Programu za uandishi hubadilisha ya kwanza kuwa ya pili bila kutuuliza. Kwa macho ni neno moja. Kwa kompyuta ni majina mawili. Wako wanaotatua hili kwa kuondoa ritifaa zote. Wasifanye hivyo. Ng'oa ni kutoa kitu kilichoshika mizizi, na ngoa ni tamaa au wivu. Ukiondoa ritifaa, rekodi mbili zitapewa jina moja, na ya pili yaweza kuandikwa juu ya ya kwanza. Hapo ndipo data hupotea kweli.

Herufi za Kifaransa zina tatizo la jinsi hiyo: é yaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, au kama e iliyoongezewa alama.

Namna ya kusafisha

Kwanza, usibadilishe mikwaju kwa mkono. Tumia maktaba ya pathlib, iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014:

from pathlib import Path, PureWindowsPath
njia = PureWindowsPath(andiko).as_posix()

Hapa "andiko" ni njia iliyosomwa kutoka kwenye jedwali. Amri hii huisoma kwa kanuni za Windows, hata kama uko kwenye Linux, na kuirudisha ikiwa na mikwaju ya kawaida. Njia iliyokwisha kuwa na mikwaju ya kawaida haiharibiki, na Windows yenyewe huikubali karibu kila mahali.

Pili, ondoa mwanzo unaohusu kompyuta moja tu, kama D:\Utafiti. Katika jedwali baki na rekodi/nyimbo/01.wav. Folda kuu itajwe mara moja tu, juu ya programu:

mzizi = Path("/home/mtafiti/utafiti")
faili = mzizi / njia

Atakayehamisha kazi atabadilisha mstari mmoja badala ya mistari mia nne.

Tatu, sawazisha herufi zenye alama kwa unicodedata.normalize("NFC", njia), na ufanye hivyo kwa majina ya mafaili pia, si kwa jedwali peke yake.

Nne, kabla ya uchambuzi wowote, pitia jedwali zima kwa faili.exists() na uchapishe orodha ya yasiyoonekana. Fanya kazi hii juu ya nakala, kamwe si juu ya rekodi asilia.

Hitimisho

Dawa bora ni kinga. Yapeni mafaili majina mafupi ya herufi ndogo na namba, bila nafasi wala ritifaa, kwa mfano ngano_017.wav. Neno lenyewe, pamoja na ritifaa yake, liwekwe katika safu ya jedwali, ambako halitamsumbua mtu. Wazee wanaoturekodia ngano hawatatusubiri. Rekodi ya mzee aliyefariki haina marudio, na atakayeitafuta miaka kumi ijayo huenda akawa na kompyuta tusiyoijua. Tumwachie anwani anayoweza kuifuata.