Akipaliwa Kila Anapokula, Usimwambie Ajikaze

Majuzi nilifunga safari kutoka Mombasa hadi Lodwar, Turkana, kumtazama kakangu mwenye duka huko. Mkewe ni Mturkana, na siku ya pili alitupeleka Nadapal kumjulia hali mamake, aliyepata kiharusi miezi michache nyuma.

Tulimkuta bibi amelala chali, mjukuu akimnywesha chai ya maziwa. Kila funda moja, anapaliwa. Shemeji akaniambia kwa uchungu, "Shemeji, mama amekuwa mkaidi, chakula hataki."

Nikamkumbuka marehemu mamangu. Nasi tulimwita mkaidi, hadi mtaalamu wa umezaji alipotufungua macho. Haukuwa ukaidi, ilikuwa hofu.

Tunapomeza, njia ya pumzi hujifunga ili chakula kipite upande wake. Kiharusi kikidhoofisha misuli ya koo, mlango huo huchelewa kufunga, na chakula au maji huingia mapafuni. Hapo ndipo nimonia huanzia. Walio na ugonjwa wa Parkinson, na watoto ambao ubongo wao ulidhurika wakati wa kuzaliwa, hupatwa na taabu hiyo hiyo. Wengine hata hawakohoi. Dalili huwa ni sauti yenye majimaji baada ya kula, homa za mara kwa mara, au kukonda.

Basi tulifanya hivi. Kwanza tulimketisha bibi wima, mgongo ukiegemea mto, kidevu kisiinuliwe juu. Mjukuu akaketi mbele yake, macho kwa macho, maana anayelishwa na mtu aliyesimama hulazimika kuinua kichwa, na koo hubaki wazi. Tukatumia kijiko kidogo cha chai, robo tatu tu. Hakuna kijiko cha pili mpaka cha kwanza kimezwe na kinywa kiwe kitupu. Hakuna maongezi wala kicheko. Akichoka, tunasimama. Baada ya kula abaki ameketi nusu saa, kisha asafishwe kinywa, kwa sababu uchafu wa meno ukiingia mapafuni huleta maradhi.

Chakula nacho kina hesabu yake. Mara nyingi maji na chai ndivyo vinavyosumbua zaidi, kwa sababu hukimbia kabla koo halijajiandaa. Uji mzito wa mtama, laini, usio na madonge, humtulia mgonjwa kama huyu. Kipimo ni rahisi: chota kijiko, kiinamishe. Uji udondoke kwa pamoja, usitiririke wala usigande. Jihadhari na githeri, ugali mkavu unaomeguka, na supu nyepesi yenye vipande. Kwetu pwani, viazi vya nazi vilivyopondwa vizuri au samaki aliyesagwa baada ya kutolewa miba yote vinafaa. Tende na mahamri makavu viwekwe kando, hata wakati wa futari. Na mgonjwa asijilazimishe kufunga, dini yetu imempa ruhusa.

Vidonge usivisage kabla ya kumuuliza mfamasia, vingine huharibika. Maji nayo usiyatie vizito kwa kubahatisha, mgonjwa anaweza kuishiwa na maji mwilini.

Akikabwa kabisa, hakohoi wala hapumui, mwinamishe mbele na umpige mara tano kati ya mabega kwa kiganja. Kikiwa bado kimekwama, simama nyuma yake, umkumbatie juu ya kitovu na ubane kwa ndani na juu mara tano. Rudia hivyo, na mtu mwingine aite msaada.

Siku hiyo bibi alimaliza nusu bakuli bila kukohoa. Kesho yake walimpeleka hospitali ya rufaa mjini Lodwar, maana haya yote hayachukui nafasi ya daktari. Ukifika hospitali, iwe Lodwar au Mombasa, uliza waziwazi: "Nani hapa anaangalia umezaji?" Wengi hawaulizi, wakarudi nyumbani na dawa za kikohozi.

Ndugu yangu, umwonapo mzazi wako anasukuma kijiko, usimgombeze. Mketishe kwanza.