DIZELI YAKO IMEKOSA NGUVU? USIKIMBILIE KUNUNUA TABO

Leo siongelei picha za bidhaa wala namna ya kujibu wateja. Naongelea gari inayobeba mzigo wako. Wengi humu tunatumia HiAce au Hilux ya dizeli, yako au ya kukodi. Ikikosa nguvu oda zinachelewa, na mteja anaanza kudai hela yake.

Mimi nauza spea za dizeli mtandaoni. Ufundi sijasomea chuo, nimejifunza kwa kukaa na mafundi na kusoma. Meseji ninayoipata sana ni hii: "Bosi nahitaji tabo, gari haivuti." Sitaji bei kwanza, nauliza maswali. Spea ikishafungwa kwenye gari siwezi kuipokea tena, na kama ugonjwa haukuwa tabo, mtaji wako umelala pale.

KWANZA ELEWA HILI

Dizeli za zamani pampu na nozeli zilifanya kazi bila kompyuta. Hizi za kisasa kompyuta ndiyo inaamua. Inataka hewa kiasi fulani na mafuta kwa presha fulani, halafu sensa zinairudishia majibu. Majibu yasipolingana, inapunguza nguvu makusudi ili injini isife. Ndiyo maana unakuta gari inatembea vizuri tu, lakini ukikanyaga mafuta RPM hazipandi.

Jaribu hivi: simama sehemu salama, zima gari, subiri kidogo, washa tena. Nguvu ikirudi halafu ikapotea tena mbele ya safari, mara nyingi ni kompyuta inajilinda. Injini yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa.

MASWALI MANNE KABLA YA KUTOA HELA

1. Ilianza ghafla au polepole?
Ghafla: fikiria mpira uliochomoka au kupasuka, au sensa. Polepole kwa wiki kadhaa: fikiria filta, masizi, au nozeli zilizochoka.

2. Moshi ni wa rangi gani ukikanyaga?
Mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Angalia njia ya hewa. Hakuna moshi na nguvu hakuna: mara nyingi mafuta hayafiki ya kutosha. Wa bluu: injini inachoma oili, na hapo tabo inaweza kuhusika. Mweupe usioisha hata injini ikishapata moto: mpelekee fundi mapema, inaweza kuwa nozeli au maji ya rejeta yanaingia ndani.

3. Inasumbua wakati gani?
Kama bila mzigo iko sawa ila mlimani na mzigo inalala, anza na filta ya dizeli. Injini ikihitaji mafuta mengi, filta iliyoziba ndipo inapojulikana.

4. Kuna sauti mpya?
Mluzi au "shhhh" ukikanyaga mafuta ni hewa inavuja baada ya tabo.

FUATA MPANGILIO HUU, CHA BEI NDOGO KWANZA

Filta ya dizeli. Ibadilishe, na kabla ya hapo toa maji yaliyokaa chini yake. Ukijaza mafuta ya madumu njiani, hii ndiyo inaumia kwanza.

Filta ya hewa. Itoe uiangalie. Barabara zetu za vumbi haziendani na kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Mipira ya kutoka tabo kwenda intakula na kuingia kwenye injini. Pitisha mkono hadi upande wa chini usioonekana. Unyevunyevu wa oili sehemu moja ni dalili. Ufa mwingine haufunguki mpaka presha iingie, kwa hiyo kuuangalia gari ikiwa imezimwa hakutoshi. Angalia pia vile vimipira vyembamba vya upepo vinavyoongoza tabo.

Kupima kwa kompyuta. Hapa ndipo watu wanapigwa. Kodi (siyo ya TRA, ile ya hitilafu) haitaji spea mbovu, inataja kilichoonekana. P0087 maana yake presha ya mafuta kwenye reli iko chini. Inaweza kuwa pampu, lakini pia inaweza kuwa filta iliyoziba, hewa inayoingia kwenye bomba la mafuta, valvu ya presha iliyo kwenye pampu, au nozeli inayorudisha mafuta mengi. P0299 maana yake upepo wa tabo hautoshi. Inaweza kuwa tabo, na inaweza kuwa klempu tu iliyolegea. Mwambie fundi akuonyeshe namba mbili gari ikiwa inavuta: presha ambayo kompyuta inataka na presha iliyopo. Zikiachana sana, mnajua muanzie wapi.

Nozeli. Kuna kipimo rahisi: fundi anaunganisha vichupa kwenye njia za kurudisha mafuta, injini inawashwa. Kichupa kinachojaa haraka kuliko vingine kinakuonyesha nozeli iliyochoka. Usikubali kununua zote nne bila kipimo hiki.

EGR na DPF. EGR inarudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, na masizi yake yanaziba njia ya hewa. DPF ni chujio la masizi kwenye ekzosi. Sisi wa delivari ndio tunaziua: safari fupifupi, foleni, gari inaunguruma huku tunasubiri mteja ashuke. DPF inahitaji joto ili ichome masizi yake, na joto hilo linapatikana gari ikienda mwendo wa barabara kuu bila kusimama, kama nusu saa hivi. Taa yake ikiwaka, usiipuuze mpaka izibe kabisa.

Pampu na tabo ziwe za mwisho.

MFANO

Dada mmoja anauza nguo mtandaoni na anapeleka mzigo Iringa. Gari yake ilikuwa inatambaa Kitonga. Gereji wakamwambia tabo imekufa. Nikamwomba video gari ikiwa inapanda. Moshi mweusi, na ile "shhhh" inasikika. Nikamwambia fundi wake afungue mpira wa intakula: umepasuka upande wa chini, pale klempu inapobana. Akanunua mpira. Mimi sikuuza tabo siku ile, na ile tabo yake aliyoambiwa imekufa bado inapanda Kitonga.

USIFANYE HILI

Usilegeze bomba la nozeli injini ikiwa inaunguruma, hata kama ulimwona fundi wa zamani akifanya hivyo kwenye injini za zamani. Tairi ya gari ndogo unajaza PSI 30 na kidogo. Kwenye reli, injini ikivuta, presha inapita PSI 14,000. Mafuta kwa presha hiyo yanatoboa ngozi na kuingia mwilini. Kidonda kinaonekana kidogo, lakini ni cha kukimbiza hospitali saa hiyohiyo.

UKINITAFUTA MIMI AU MUUZAJI MWINGINE YEYOTE

Tuma haya kwa pamoja: aina ya injini (mfano 1KD au 2KD), mwaka wa gari, picha ya kodi zilizosomwa, rangi ya moshi, na ilianzaje. Muuzaji akikutajia bei ya tabo bila kuuliza hata kimoja kati ya hivyo, muulize yeye: umejuaje kama ni tabo?

Ihifadhi hii, na mtumie dereva wako.