Kuku wa Bugoye: punguza kabla mdondo haujakupunguzia

BUGOYE, Kasese – Jua linapozama nyuma ya Milima ya Rwenzori, shangazi yangu husimama mlangoni mwa banda na kuhesabu kuku wanaoingia. Zamani akifika 20 alifunga mlango. Jioni niliyomtembelea alifika 44, na mitetea miwili ikabaki juu ya mparachichi kwa kuwa ndani hamkuwa na nafasi.

Banda hilo la miti na udongo lina mita mbili kwa mbili. Ushauri wa kawaida wa ugani ni kuku wakubwa watano hivi kwa kila mita moja ya mraba, yaani 20 kwa banda lote. Yeye anao 46. Swali lililoigawa familia ni hili: awapunguze, au awaache waendelee kuongezeka?

Kwa shangazi, kuku ni benki. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, kuku anauzwa. Mgonjwa akihitaji nauli ya kwenda hospitali, kuku anauzwa. Mgeni akija, jogoo anachinjwa. Kumwambia auze nusu ni kama kumwambia afunge akaunti wakati muhula wa kwanza wa shule, unaoanza Februari, unakaribia.

Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tukachukua daftari la mjukuu wake, tukaandika: majogoo 9, mitetea 21, wanaokua 16.

Hesabu ya chakula ilikuja kwanza. Kuku wa kienyeji hujitafutia wadudu na majani, lakini ukimwongezea gramu 50 tu za pumba na mahindi kwa siku, kuku 46 hula kilo 2.3. Kwa mwezi ni karibu kilo 70. Majogoo tisa hula kila siku na hawatagi, ilhali jogoo mmoja hutosha mitetea kumi. Saba kati yao walikuwa wakila ada ya shule.

Hesabu ya pili ni ya ugonjwa. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kuua karibu kundi zima lisilochanjwa katika siku chache. Hauna tiba. Kinga ipo: chanjo ya I-2, iliyobuniwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu, hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chupa moja hutosha kuku wengi, hivyo majirani wanaweza kuchangiana. Lakini kuwakamata kuku 46, wengine wakilala mitini, ni kazi ambayo mama wa umri wake huiahirisha mpaka anachelewa.

Hapo ndipo jambo hili linapovuka ua wa shangazi. Wengi wetu hupunguza kuku siku ya kwanza wanapoanza kusinzia na kuharisha kijani. Tunawafunga miguu, tunawakimbiza gulioni kabla hawajafa. Aliyenunua anapeleka ugonjwa bandani kwake. Kutoka Bugoye hadi Bwera ni safari fupi, na ng'ambo ya Mpondwe ni Kasindi, Kongo. Virusi havisimami forodhani.

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tumezungumza sana kuhusu soko moja. Utaratibu wa jumuiya umerahisisha nyaraka kwa mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za asili ya kanda zisizozidi thamani ya dola 2,000. Hata hivyo, kuku hai anahitaji pia kibali cha daktari wa mifugo, na afya ya mifugo ndiyo mlango unaofungwa haraka kuliko yote. Januari 2017, mafua ya ndege yalipogunduliwa Uganda, Kenya ilipiga marufuku kuku kutoka kwetu. Oktoba mwaka huohuo, Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga. Soko hujengwa kwa mikataba, lakini huaminiwa kwa kuku mzima.

Shangazi aliamua. Atauza 24: majogoo saba, mitetea mitano iliyozeeka na wanaokua 12. Watauzwa wakiwa wazima, kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza linalipia chanjo ya watakaobaki na ukarabati wa banda. La pili linasubiri msimu wa Krismasi, wakati kila nyumba inatafuta jogoo, na fedha yake ni ya ada. Watabaki 22, wanne kati yao wakiwa bado wadogo.

Tulibishana juu ya kuku mmoja tu. Mtetea mwekundu, mzee kuliko wote, siku hizi hutaga mara chache. Kwa daftari alikuwa wa kwanza kuuzwa. Shangazi alikataa. Ugonjwa ulipopita miaka iliyopita, huyo peke yake ndiye aliyebaki, na karibu wote 46 ni uzao wake.

Nilifuta jina lake kwenye orodha, nikaandika mwingine.