Unapojibu, Tafadhali Taja: Namna ya Kulinda Uzi wa Mazungumzo ya Baruapepe

Barua rasmi za serikali nchini Tanzania huwa na maneno mafupi karibu na anwani: "Unapojibu tafadhali taja," kisha hufuata namba ya kumbukumbu. Maneno hayo si pambo. Jibu linapofika, karani wa masjala huitazama namba, akatoa jalada linalohusika, akaliweka jibu pamoja na barua iliyolizaa. Jibu lisilotaja namba huweza kulala katika jalada la jambo jingine, na atakayelitafuta asilione. Baruapepe nazo zina kanuni ya namna hiyo hiyo.

Alama isiyoonekana

Mwaka 1971 mhandisi Mmarekani, Ray Tomlinson, alituma baruapepe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao wa ARPANET. Barua zilipoongezeka, zilihitaji utaratibu. Kanuni za mwaka 1982, zijulikanazo kama RFC 822, zilieleza jinsi barua inavyoweza kubeba alama ya utambulisho isiyofanana na ya barua nyingine yoyote, na jinsi jibu linavyoweza kuitaja alama ya barua linayoijibu. Kanuni hizo zilirekebishwa mwaka 2001 na 2008, lakini wazo hilo lilibaki.

Mwandishi haandiki alama hiyo kwa mkono. Anapobonyeza kitufe cha kujibu, programu huinakili katika sehemu ya juu ya jibu, ambayo kwa kawaida msomaji haonyeshwi. Kwa kuzifuata alama hizo, kompyuta huweza kupanga swali, majibu yake, na majibu ya majibu katika uzi mmoja.

Uzi unapokatika

Katika kundi la majadiliano, barua inayopelekwa kwenye anwani moja husambazwa kwa wanachama wote. Asiyependa kupokea barua moja moja huweza kuchagua kifurushi, yaani barua za siku nzima zilizofungwa pamoja. Lakini kifurushi chenyewe ni barua, nacho kina alama yake. Anayekijibu huitaja alama ya kifurushi, si ya barua aliyokusudia.

Tuseme mwalimu wa fizikia ameuliza kwa nini jaribio la jiwe linalobembea kwenye kamba limewapa wanafunzi wake mchapuko wa mvutano wa dunia wa 9.2 badala ya 9.8. Mwenzake anajua sababu: walipima kamba peke yake, wakasahau kwamba urefu hupimwa mpaka kitovu cha jiwe. Anakijibu kifurushi. Jibu ni sahihi, ila linafika likiwa na kichwa cha kifurushi na barua nyingine kumi zikining'inia chini yake. Katika kumbukumbu za kundi, swali linabaki kama halikujibiwa, na jibu linasimama mbali, halijulikani ni la nani.

Dawa yake

Baadhi ya vifurushi huibeba kila barua kama kiambatisho kamili chenye alama yake. Mwanachama akipewa hiari, na achague aina hiyo. Kisha aifungue barua anayoitaka na kuijibu hiyo, si kifurushi.

Kifurushi kikiwa maandishi matupu, hapana budi kufanya kazi kwa mkono. Kwanza, kichwa cha kifurushi kifutwe na kuandikwa kichwa cha barua ya asili. Pili, barua zisizohusika ziondolewe, zibaki sentensi zinazojibiwa tu. Tatu, litajwe jina la mwandishi na tarehe ya barua yake. Alama haitarudi kwa njia hiyo, lakini programu zinazopanga barua kwa vichwa huweza kuliweka jibu mahali pake, na msomaji hatapotea. Anayejibu mara kwa mara ni afadhali aache kifurushi, apokee barua moja moja.

Kazi hiyo ni ya dakika moja. Mwenye kufaidika si aliyeuliza peke yake, bali pia mwalimu mwingine atakayepata 9.2 miaka mingi baadaye, akalitafuta swali, na kulikuta jibu liko chini yake.